Mahari ya Kwacha

Kwa zaidi ya miaka ishirini Urbani Mapunda aliuza usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, sokoni Songea, na usipa wake aliufuata ng'ambo ya ziwa. Aliteremka hadi Mbamba Bay, akavuka kwa boti mpaka Nkhata Bay nchini Malawi, akanunua kwa kwacha, akarudi kuuza kwa shilingi. Fedha ya Malawi aliiamini kuliko ya kwao. "Shilingi yetu ina miguu," alizoea kusema. "Kila ukiamka imekwenda zake. Kwacha imetulia."

Ndiyo maana mwaka 2011, Mathias Chirwa, fundi wa injini za boti wa huko Nkhata Bay, alipomposa binti yake Leticia, Urbani aliwashangaza wote waliokaa sebuleni. Wageni walikuwa wamejiandaa kwa shilingi. Yeye akakataa.

"Nataka kwacha laki mbili. Nusu sasa, nusu kabla ya ndoa."

"Baba Leticia," mkewe Walburga akamnong'oneza, "kwacha za nini? Mtoto anaolewa hapa hapa Songea, parokiani kwetu."

"Wewe niachie mimi. Hesabu za fedha nazijua."

Wakati huo kwacha moja benki ilikwenda kwa shilingi tisa na ushee. Mathias akatoa laki ya kwanza, akapewa muda atafute ya pili.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, serikali ya Malawi ikashusha thamani ya kwacha, nayo ikaendelea kuporomoka. Kufika Krismasi haikufika hata shilingi tano. Sokoni Urbani alikuwa akicheka peke yake, maana shilingi zile zile zilimletea magunia ya usipa karibu mara mbili. Akaezeka nyumba upya kwa faida ya mwaka huo.

Ndipo Mathias alipokuja na ndugu zake kuleta laki ya pili, ameifunga kwenye kitambaa safi. Urbani akazipima noti mkononi, akazirudisha mezani.

"Hizi hazitoshi."

"Ni laki moja, baba. Hesabu."

"Laki ya kwanza ilikuwa zaidi ya laki tisa za Tanzania. Hii haifiki hata laki tano. Ongeza mpaka zilingane."

Mathias akaziangalia zile noti. "Baba, kwacha sikuishusha mimi. Na mimi nilikuja na shilingi, wewe ndiye uliyetaka kwacha."

Alikuwa amesema kweli, na ameisema mbele ya watu. Urbani akaona aibu. Angeweza kucheka, yakaisha. Badala yake akasimama.

"Nenda ukaongeze. Binti yangu hashuki bei."

Leticia alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini taratibu, akarudi jikoni.

Wageni walipoondoka, Walburga alimfuata mumewe uani. "Kwacha hiyo hiyo imekununulia mabati, ukafurahi. Imekuwa mbovu kwa mkweo tu?"  Urbani alichukua koti lake akatoka.

Mathias alikwenda Afrika Kusini kutafuta hizo za kuongeza, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwao. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, halafu mara moja moja. Baadaye akamwambia Leticia ukweli: alikuwa amepata mtoto na mwanamke wa huko. Leticia hakulia mbele ya baba yake. Alipata kazi ya ukarani kwenye ghala la tumbaku Namtumbo, akahamia huko, na waliokuja kumposa baadaye aliwakataa. Alikuwa akimsalimia baba yake kwa adabu zote, ila maongezi hayakuwapo tena.

Walburga alipougua ugonjwa uliomchukua, alimwambia mumewe, "Mali ya watu irudishe."

Hata hivyo Urbani alichelewa. Kwacha ilishushwa mara nyingine, na mwaka 2024 alipovuka ziwa ilikuwa imebaki shilingi moja na nusu hivi. Alimkuta Mathias amerudi kwao, ana karakana, mke na watoto wawili. Walimpokea vizuri, wakampikia ugali wa muhogo. Baada ya kula, Urbani akaweka mezani kwacha zaidi ya laki sita.

"Ni mahari yako, mwanangu, kwa thamani ya siku ile uliyonipa."

Mathias akahesabu laki moja, zilizobaki akamsogezea. "Hii ndiyo niliyoleta, baba."

"Laki ya leo haina kitu!"

"Najua." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Urbani. Angetukanwa angepata pa kuanzia. Hata hivyo akasema, "Nilikukosea."

"Na mimi ningeweza kurudi mapema," Mathias akajibu. "Nilikuwa na hasira. Leticia hajambo?"

"Hajambo."

Siku ya pili baada ya kufika Songea, Urbani alipanda basi la Namtumbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Akamsimulia yote, kisha akamwekea mbele zile fedha zilizobaki. Leticia hakuzigusa.

"Siku ile, fedha zilizopungua nilikuwa nazo mimi," alisema. "Nilikuwa nimeweka akiba ya mauzo uliyokuwa ukiniachia sokoni. Ningekupa, ungepokea?"

Urbani alitaka kusema ndiyo. Akaangalia mikono yake. "Siku ile? Nisingepokea."

"Basi." Leticia akainuka kuwasha jiko. "Hizo mjengee mama kaburi."

Kaburi lilijengwa kwa saruji na msalaba mzuri. Leticia alikuja siku padri alipolibariki, akasimama karibu na baba yake, akamshika mkono aliposhindwa kuimba. Urbani alimwomba alale nyumbani, chumba chake kilikuwa tayari. Leticia alishukuru, akasema ana kazi kesho, akawahi basi la jioni.