Duara la Unga Uani

Mama yangu alihamia kwangu Itetemia baada ya baba kufariki. Mvua za kwanza ziliponyesha, kabla jembe halijagusa shamba, nilimkuta uani amechuchumaa, akidondosha unga wa mtama kwa vidole mpaka duara likatimia. Katikati aliweka kibuyu cha maji. Ndivyo kwao walivyowaalika wazee waliotangulia waje kubariki mbegu. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilimwambia kwamba nyumbani kwangu mizimu haialikwi. Hakubisha. Alichukua ufagio, akalifuta mwenyewe.

Mwaka huu, katika kikundi chetu cha usomaji kinachokutana sebuleni kwangu, ilikuwa zamu yangu kueleza mandala, michoro ya ibada ya siri ya Wabuddha wa China ya zama za Tang. Niliwaonyesha wenzangu picha: Buddha wa nuru ameketi katika moyo wa yungiyungi, waheshimiwa wanane wamemzunguka juu ya petali, kisha safu kwa safu, kila mmoja na kiti chake, mpaka kwenye malango. Nikasema kwamba lile si pambo. Ni nyumba iliyoandaliwa ili waheshimiwa wao washuke. Mwanafunzi alifungwa macho, akarusha ua juu ya mchoro, na yule aliyeangukiwa nalo akawa mlezi wake. Niliiita hekima.

Mama alikuwa pembeni akimenya karanga. Wageni walipoondoka aliuliza, "Baba, hao Wachina walichora chini?"

"Mara nyingine, juu ya udongo uliotakaswa. Ibada ikiisha, wanafuta."

"Ikiisha." Akapuliza maganda. "Basi wana bahati, walizaliwa mbali na kanisa lako."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Imani yangu haijabadilika: siwaombi wazee wale, wala Buddha. Lakini nimewahubiria watu miaka mingi kwamba mizani mbili ni dhuluma, na heshima niliyowapa wageni wa karne za mbali nilimnyima aliyenizaa. Wale niliwasoma. Yeye sikumwuliza hata swali moja.

Jumapili iliyopita wingu lilijikusanya upande wa Usoke. Niliweka ungo wa unga wa mtama na kibuyu mlangoni pake.

"Mama, ua ni wako."

Aliuonja unga kwa ncha ya kidole. "Wazee wale nilikwisha kuwaambia wasije hapa, baba. Wana adabu. Aliyefukuzwa mlangoni habishi hodi tena."

Akaupeleka jikoni. Baadaye aliniletea uji wa unga ule, mzito, wenye sukari kidogo kama ninavyoupenda. Niliunywa wote, naye amesimama akisubiri bakuli.