Mama Hakuniahidi

Nikipita penye harufu ya zafarani na marashi ya waridi, magoti huniuma kabla sijajua kwa nini. Wenzangu huwaza pilau. Mimi huwaza kombe.

Nilizaliwa na selimundu, hapa hapa Buyenzi. Baridi ikinigusa tu, mifupa ilianza kutafunwa kutoka ndani. Dawa za hospitali zikiisha, Mama alikwenda kwa Maalimu. Maalimu aliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, Mama akaziosha kwa maji na marashi, nami nikayanywa; hilo ndilo kombe. Yalikuwa na ladha ya sabuni ya wageni.

Na wageni sasa! Kila mmoja alikuja na uponyaji wake mfukoni. "Utapona, inshallah," walisema wajomba zangu, wakijinyoosha kwenye mkeka. Mama Neema, jirani yetu kutoka Uvira, aliniwekea mikono kichwani, akakemea kwa jina la Yesu mpaka kuku wakakimbia uani: "Mutoto huyu amepona!" Niliwapenda wote. Mama peke yake hakuwahi kusema nitapona.

Siku moja, nikiwa na miaka tisa, maumivu yalinishika mchana kweupe. Nikamuuliza, "Mama, nitapona?"

Alikuwa ananikanda miguu kwa kitambaa cha moto. "Mi sijui, mwanangu. Mungu ndiye anajua. Lete mguu mwingine."

Jamani, nilimchukia! Niliona yeye ndiye hana imani, na kwamba Mungu ananinyima kwa sababu yake. Nikamwambia hivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Alichovya kitambaa tena, akakikamua, akaushika mguu.

Mama alikuwa ameshazikwa shangazi aliponieleza. Kabla yangu alikuwapo kaka, Hamisi, mwenye ugonjwa huu huu. Naye aliuliza, Mama akamwapia: "Wallahi utapona." Mtoto akaamini. Siku yake ya mwisho alimtazama, akasema, "Mama, si uliapa?"

Leo mimi ni mtu mzima na ugonjwa wangu uko palepale. Mungu sina ugomvi naye tena. Naswali, na nikiamka natumaini mpaka jioni, kesho naanza upya. Ndivyo alivyoishi Mama baada ya swali lile la Hamisi. Lakini wajomba zangu, apana, sijawasamehe. Walimzika Hamisi kwa mikono yao, kisha wakaja kukaa kando yangu na kusema yale yale, Mama akiwasikia.