Goti Langu Halikuumia Shambani

Nilisimama kabla mtafiti hajamaliza kusoma. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu, akashtuka, akaanza kulia. Sikumbembeleza.

"Rudia hapo," nilimwambia.

Mwanafunzi wa chuo, kijana mwenye viatu visafi mno kwa matope ya Soni, akarudia. Alikuwa anatusomea utafiti wake pale ofisi ya kata: wanaume na wanawake wanavyoumia michezoni. Kwenye daftari la zahanati amekuta wanaume wengi walioumia mpirani. Mwanamke hakuna hata mmoja. Kwa hiyo, alisema, bandeji na mafunzo ya huduma ya kwanza viende kwa timu ya wanaume.

"Wanawake wa huku mko makini, dada," akaongeza, akitabasamu.

Nikapandisha kitenge hadi juu ya goti. "Na hili liko makini?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Wewe mama, si ulianguka na mzigo wa kabichi?"

Kabichi! Nilirukia mpira wa netiboli, nikatua vibaya kwenye ule uwanja wetu wa mteremko, goti likalia kama ukuni mkavu unaovunjwa. Wenzangu walinibeba, na njiani tukakubaliana kama siku zote: sema umeteleza shambani. Wote tulisema hivyo, aliyeumia kifundo na aliyeumia kidole. Ukitaja netiboli, muuguzi anakuuliza mtoto umemwachia nani, na kabla hujafika nyumbani mama mkwe anajua. Ukiumia shambani unaletewa uji. Ukiumia uwanjani unaletewa maneno.

"Lakini daftari linasema shambani," kijana akajitetea.

"Linasema tulichodanganya. Uwanjani kwetu ulifika lini?"

"Nilihoji makocha."

"Kocha wa wanawake ni mimi. Ulinihoji?"

Akaanza kupanga karatasi zake.

Kesho yake nilimwamkia mtendaji wa kata shikamoo, nikamwomba karatasi. Akasema malalamiko ya namna hiyo hayana fomu. Nikachana karatasi ya katikati kwenye daftari langu la mazoezi, nikaandika mbele yake:

"Nalalamikia utafiti uliosomwa hapa bila kuhoji mchezaji hata mmoja wa kike. Nakiri niliidanganya zahanati. Naomba daftari lake lirekebishwe: goti la kulia, netiboli. Wenzangu sita watasaini hapa chini, kila mmoja na alipoumia. Bandeji zisigawiwe hadi tuhojiwe. Nakala iende chuoni kwa mtafiti."

"Mama mkwe wako atasikia," mtendaji akasema.

"Asikie. Gonga muhuri."