Neno "Marehemu" Lilivyofuta Maneno ya Mzee Mhina

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka ule ukumbi pale Korogwe uso unanipata moto mpaka leo. Ilikuwa miaka ile mashamba ya mkonge yanauzwa kwa watu binafsi, kompyuta nazo ndiyo kwanza zinaingia mjini, nami (cheti kipya cha kompyuta, na kiburi chake) nikaajiriwa na kikundi kilichokusanya simulizi za wazee waliokata mkonge Ngombezi. Mzee akisimulia, nachapa hapo hapo kwenye programu ya kutafutia. Ukija kuandika neno lolote alilolisema, anatokea yeye na maneno yake yote.

Basi mmoja wao, Mzee Mhina, akafariki, na asubuhi ya siku ya kuwaonyesha watu kazi yetu nikaona si adabu jina lake likae kama yu hai, nikafungua fomu ya kurekebisha, nikajaza mahali pa jina tu, "Marehemu Mhina", kwingine kote nikaacha wazi nikidhani yaliyokuwamo yatabaki, nikahifadhi, nikaenda kunywa chai kwa raha zangu. Kumbe ile programu haikujua kurekebisha kipande: ilifuta yote ya zamani, ikaandika upya kile nilichoipa. Jina, basi.

Mchana ukumbi umejaa, kompyuta inamulikwa ukutani, na mjane wake, Bibi Mwanaidi, kaja kutoka Sindeni na wanawe, kakalishwa mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka yale aliyosema mume wangu ya siku tulipoonana mara ya kwanza."

Nikaandika "Mwanaidi", ukutani hakuna kitu. Nikaandika "mkonge", wakatokea wazee wengine wote, Mzee Mhina hayumo. Nikaandika jina lake, likaja, chini yake peupe kama sahani iliyooshwa. (Nikabonyeza tena na tena, kama namwamsha mtu.) Nyuma huko mmoja akasema, "Hata kompyuta imemzika!" watu wakacheka, mimi nikaanza kulia, na kipaza sauti kiko wazi, kwikwi zangu zikasikika mpaka nje.

Bibi Mwanaidi akainuka, akanifuta machozi kwa pindo la kanga yake.

"Bibi, nimeyafuta. Nilitaka kuandika marehemu tu."

Nikajua sasa nalaaniwa.

"Alikwambia nilimkimbia kule kisimani?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwongo yule! Aliyekimbia ni yeye, mimi nikamfuata na ndoo yake. Andika."

Nikaandika, machozi yananitiririka, herufi zinatokea kubwa ukutani, na watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye. Alipofika siku ya mazishi akajifuta machozi kwa pindo lile lile la kanga, akaendelea, nami nikaandika.

Ya mzee hayakurudi, na hilo linaniuma bado. Siku hizi sigusi hata herufi ya jina la mtu kabla sijachapa maneno yake yote karatasini, nakala mbili, na wenzangu wakinung'unika kwamba namaliza wino, nawaambia wanunue mwingine.