Kioo Hakitaki Mawese

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana wala bisibisi. Nilishika sabuni. Nilikuwa nimetoka sekondari, nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na nilidhani garaji ile ya Buyenzi, mjini Bujumbura, ingenipa meza na kalamu. Shefu wa Atelie, yaani mkuu wa karakana, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Weye ndiye mwenye diplome?"

"Ndiyo, Shefu."

"Muzuri. Shika hii sabuni, uisome."

Mafundi wote walicheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Ilikuwa sabuni ya mawese, ile ya kahawia inayopikwa majumbani. Kazi yangu ilikuwa kuiyeyusha ndani ya ndoo mpaka maji yawe mazito na ya kuteleza, kisha kuwapelekea mafundi wa vioo vya mbele, ambavyo sisi tunaviita parabrizi.

Wakati ule parabrizi ilishikwa na mpira uliokizunguka kioo chote. Ndani ya mfereji wa mpira tulilaza kamba. Mtu mmoja alisimama nje akibonyeza kioo kwa viganja, mwingine alikaa ndani ya gari akivuta kamba taratibu, na mdomo wa mpira ulipanda juu ya bati mpaka kioo kikakaa mahali pake. Bila utelezi mpira ulichanika. Sabuni ilipokwisha tulipaka mawese yenyewe.

"Kioo hakisukumwi," Shefu wa Atelie alituambia. "Kinakaribishwa."

Kabla ya kukikaribisha alipitisha kiganja chake chenye utelezi kwenye ukingo wote, polepole, akitafuta kwa ngozi palipomeguka. Ukingo uliomeguka ndio mwanzo wa ufa. Niliiga kiganja kile. Nilikiiga miaka mingi mpaka mkono wangu ukawa unafanya hivyo wenyewe, hata nikiwa nazungumza na mtu, hata nikiwa nafikiria mambo ya nyumbani.

Baadaye nilihamia Rumonge, kwenye parki ya magari ya kampuni moja ya barabara. Mkubwa wangu pale alikuwa Shefu wa Parki, mrefu, mkimya, asiyependa salamu ndefu. Malori yalirusha kokoto, na kila wiki kulikuwa na kioo kilichopigwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba fundi mzuri hakimbilii kubadilisha. Parabrizi ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa na utando laini katikati, ndiyo maana hupasuka bila kumwagika kama kioo cha mlangoni. Jiwe likiacha kidonda kidogo, mbali na macho ya dereva, unakisafisha, unakijaza utomvu maalumu, unauacha ugande juani. Lakini ufa ukishafika ukingoni, kioo hicho kimekwisha.

"Usimudanganye mwenye gari," alisema. "Ufa hausikilizi maneno."

Kampuni ilipoondoka, nilifungua atelie yangu karibu na barabara ya kwenda Nyanza-Lac. Magari yalikuwa yamebadilika. Mpira ulikuwa umetoweka, kioo sasa kilibandikwa kwa gundi nyeusi moja kwa moja kwenye fremu. Nilijifunza gundi kwa kutazama tu, na nilidhani nimeielewa. Ndipo akaja kufanya kazi nami Hamisi, kaka mdogo wa mke wangu, ambaye alikuwa ameshika vioo kwa miaka mingi huko Kigoma. Kwa kuwa ni shemeji yangu, utani ulikuwa haki yetu. Aliniita Mzee wa Kamba. Mimi nilimwita Daktari, kwa sababu alivaa glavu.

"Shemeji," aliniambia wiki ya kwanza, "huu ukingo hauguswi na mkono mutupu. Gundi inataka pakavu, pasafi. Mafuta kidogo tu, inakataa kushika."

"Daktari, mgonjwa wako ni kioo, hana homa."

Alicheka. Mimi niliona nimeshinda.

Sasa nifike kwenye gari lenyewe. Kijana mmoja mfanyabiashara wa Bujumbura, jina lake Yasini, mzaliwa wa Rumonge, alikuwa amenunua gari la mbio. Injini ilikuwa nyuma ya viti, paa lilinifikia kifuani, na kioo cha mbele kililala chali karibu usawa na boneti. Alikuja nalo kumwonyesha mama yake. Hapo barabarani lori lililobeba ngazi, yale matunda ya mchikichi, lilirushwa na shimo, na mkungu mzima wa ngazi ukaanguka juu ya parabrizi. Ufa ulikwenda kutoka kona hadi kona. Kioo kipya kiliagizwa nje ya nchi, na majuma yote hayo gari lililala uani kwa mama yake chini ya turubai, kuku wakipanda juu.

Mama Zaituni, mama yake, ndiye aliyekuwa akiwauzia mawese nusu ya watu wa mtaa wetu. Siku ile ya kazi alikuja na mwanawe, kwa sababu siku hiyohiyo walikuwa wanakwenda Bujumbura, kesho yake mama aonwe na daktari wa macho. Alilizunguka gari akitikisa kichwa.

"Yasini, mwanangu, ulinunua gari ao jamvi? Mimi nitaingia aje humu, nikitambaa?"

"Mama, hii iko gari ya mbio."

"Mbio za kwenda wapi, na barabara ni hii?"

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulipitisha waya mwembamba wa chuma kati ya kioo na fremu, mmoja ndani, mmoja nje, tukaikata gundi ya zamani kama mtu anayekata sabuni kwa uzi. Hamisi alilisawazisha bati, akasafisha ukingo wa kioo kipya kwa spiriti, akapaka dawa nyeusi ya kwanza inayoiandaa njia ya gundi. Alinieleza, na kijana akisikiliza, kwa nini gari hili halitaki mchezo. Kioo chake ni sehemu ya nguvu za bodi. Tena mfuko wa hewa wa upande wa abiria, wakati wa ajali, hufumuka kuelekea juu na kukiegemea kioo. Kioo kisiposhika, mfuko unakitupa nje, na abiria anakosa kinga.

"Na abiria ni mimi," akasema Mama Zaituni.

Dawa ilipokuwa inakauka, alifunua sufuria. Alikuwa ametupikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mawese, na bugali wa moto. Hamisi aliniambia kwa sauti ya chini tumalize kioo kwanza. Lakini mama wa watu amesimama na sufuria mkononi, anasema "Karibuni, watoto wangu," nawe umwambie nini? Kwetu chakula hakisubirishwi. Tulikula. Hamisi alikula kwa kijiko, nikamcheka mbele ya wote. Nilisuuza mkono kwa maji ya kopo, nikaufuta kwa tambara, nikainuka.

"Shemeji, glavu," akasema Hamisi.

"Nimeweka vioo wakati wewe unatega panya," nikamjibu kwa sauti, ili Yasini asikie. "Nani bosi hapa?"

Watu walicheka. Hamisi hakucheka. Alizungusha gundi kwenye fremu, akashika vikombe vya mpira vinavyonyonya kioo, nami nikashika upande wangu. Kabla ya kukilaza kioo juu ya gundi, mkono wangu ulipita ukingoni, upande wa abiria, kona ya juu, ukitafuta palipomeguka. Sikuutuma. Ulikwenda wenyewe, kama Buyenzi.

Kioo kilikaa vizuri, kinang'aa. Tuliiacha gundi itulie kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu. Yasini akafurahi, Mama akaingia akilalamika magoti. Alituaga kwa kusema watapita Minago kumsalimia dada yake, kisha Bujumbura. Injini ikanguruma, watoto wakakimbia nyuma ya gari mpaka kwenye kona.

Muda mfupi baadaye nilikwenda bombani kutia udhu wa alasiri. Nilimimina maji kwenye kiganja. Hayakutanda. Yalijikusanya vitone vitone, yakateleza kama juu ya jani la gimbi. Nikautazama mkono ule, na papo hapo nikaiona kona ile ya juu, upande wa abiria.

Nilitaka kuandika kwamba nilipiga simu mara moja. Sikupiga. Nilinawa kwa sabuni, nikaswali, na nikiwa naswali nilikuwa natafuta udhuru. Labda itashika. Labda niligusa kidogo tu. Namba ya Yasini ilikuwa ndani ya simu yangu, nami nilikuwa nafikiria jina langu, na Rumonge itasema nini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mafuta yenyewe, kwa sababu mafuta yalikuwa mazoea, lakini ule muda nilikaa nikiwa najua.

Kilichoniinua ni sauti ya Mama Zaituni kichwani: "Na abiria ni mimi."

Nilimkuta Hamisi anakunja waya. "Shemeji," nikamwambia, "niligusa ukingo. Kwa mkono wa mawese."

Nilingoja dhihaka. Nilikuwa nimeistahili. Aliweka waya chini, akachukua ufunguo wa pikipiki yake.

"Upande gani?"

"Wa Mama."

"Panda."

Nilipiga simu njia nzima. Iliita bila kupokelewa, maana mziki wa gari lile ulikuwa mkubwa kama wa harusini. Kila kona niliogopa kuona watu wamekusanyika. Minago tuliliona gari limeegeshwa mbele ya nyumba ya dada yake, na Mama Zaituni, mkono mmoja juu ya paa, tayari ameinama kuingia.

"Mama, usiingie!" nilipiga kelele kabla pikipiki haijasimama.

"Eh, fundi! Amahoro? Iko nini?"

Nilimwomba Yasini afungue mlango. Niliingia, nikaweka vidole gumba viwili kwenye kona ya juu, nikasukuma bila nguvu. Kioo kikainuka. Mstari wa mwanga wa jua ukaingia, mwembamba, urefu wa kiganja changu barabara.

Yasini alishika kichwa. "Ni nani alifanya hapa? Ni nani?"

Hamisi alikuwa amefungua mdomo. Namfahamu, angesema "sisi". Nikamwahi.

"Ni mimi. Shemeji alinikataza, nikamcheka mbele yako. Nilikula, sikunawa sawasawa, nikashika ukingo."

"Basi ni ndagala zangu?" Mama Zaituni akauliza, amejishika kifua.

"Hapana, Mama. Chakula hakina kosa. Ni mkono."

Aliutazama mkono wangu, akasema, "Ningeleta na sabuni," na dada yake akaangua kicheko mlangoni. Yasini hakucheka. Alimsimamishia mama yake taksi, akapanda naye kwenda kwa daktari. Kabla ya kuondoka aliutoa ufunguo wa gari la mbio. Nilinyoosha mkono. Alimpa Hamisi.

Tulifunga kioo kwa utepe, Hamisi akalirudisha gari polepole, nami nikafuata kwa pikipiki. Kesho yake ilibidi tukitoe kioo kilekile, kizima, maana nchi nzima hapakuwa na kingine. Gundi ilikuwa imeshika kila mahali isipokuwa pale nilipopagusa. Hamisi aliniweka ndani ya gari, kwenye nafasi ya anayeanza kazi.

"Vuta, Mzee wa Kamba. Polepole. Usikisukume."

"Kinakaribishwa," nikasema.

"Nani alikufundisha hivyo?"

Nikamweleza habari za Shefu wa Atelie, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Kioo kilitoka bila ufa. Nilivaa glavu. Hazikunienea vizuri, naye alinitania mpaka jioni, nami nilifurahi, kwa sababu tangu jana yake hakuwa amenitania.

Gari liliondoka baada ya kulala siku nzima. Kioo kile kipo mpaka sasa, Yasini hukipiga ngumi kila akipita, akiniangalia kwa jicho la pembeni.

Leo mikono yangu inatetemeka, na anayekaribisha vioo atelie ni Hamisi pamoja na mafundi wawili aliowafundisha. Nakwenda pale kukaa tu, na nikiulizwa kitu najibu. Siku nyingine nayawaza magari ya miaka yangu ya mwanzo wa gundi, niliyoyabandika kwa mikono hiyohiyo kabla ya Hamisi kuja. Mengine yalikwenda Uvira, mengine Kigoma, siwezi kuyaita yarudi. Kila mwenye gari ninayemfahamu, nimemfuata nikamwomba alilete likaguliwe. Wawili kioo chao kilitikisika. Hakuna aliyenitukana, na mmoja alinishukuru: murakoze, muzee. Ninyi vijana mnaoanza, nawasihi: kazi ikibadilika, usiutazame moyo wako tu, utazame na mkono wako. Moyo husema umejifunza, mkono bado uko kwa shefu wako wa kwanza.

Atelie sasa ina desturi ambayo wageni huiona ya ajabu. Chakula kikiletwa kinafunikwa, na mleta chakula hukaa akangoja kioo kiwekwe. Wengine walikasirika mwanzoni. Siku hizi mtaa wote unajua.

Juma lililopita Mama Zaituni alikuja, miwani mipya usoni, sufuria kichwani. Kazi ilikuwa imekwisha. Juu ya kifuniko palikuwa na kipande cha sabuni ya kahawia, aliyoipika mwenyewe kwa mawese yake.

"Shika hii sabuni, fundi," akasema. "Unawe, nione."

Nilikwenda bombani naye amesimama nyuma yangu. Nikasugua, nikasuuza, nikamimina maji mara ya mwisho kwenye kiganja. Yalitanda yote, mpaka kwenye ncha za vidole.

"Haya," akasema Mama Zaituni, akafunua sufuria.