Kuku Niliowapeleka Koboko bila Kamba

Mimi nilikuwa nasema hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Nilikimbia vita mpaka Kongo na godoro kichwani, nikarudi Arua nikakuta nyumba yangu haina hata mlango, nikaanza kwa kuuza chumvi kwa kijiko, na leo nina mashine ya kusaga kwenye njia ya Ombaci ambayo kila mama mwenye muhogo anajua mlio wake (shule niliacha darasa la tatu, na waliomaliza wanakuja kwangu kuomba kazi). Halafu mtu wa namna hiyo aibishwe na kuku! Naona haya mpaka leo, lakini afadhali niseme mwenyewe, maana Mzee Saidi anaisimulia vibaya.

Kuku wangu jike alitotoa nyuma ya mashine, na vile vifaranga vilikuwa na woga wa kuudhi, mteja akipita tu vinatawanyika, kimoja chini ya gunia, kingine barabarani, kingine mwewe ameshaondoka nacho. Nikasema hapana, mimi nimetuliza wateja wakorofi miaka yote hii, nitashindwa na vifaranga? Basi kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine nikawa naketi chini, nimetulia, mkono wazi juu ya ardhi (mkono ukitoka juu kifaranga anadhani ni mwewe), na kwenye kiganja nimeweka mchwa. Kabla ya kufungua kopo la mchwa nagonga ardhi kwa fimbo, ko ko ko, vile sisi wote huku tunavyogonga kichuguu ili kumbikumbi wadhani mvua imefika watoke. Mwanzoni walidonoa na kukimbia. Baadaye wakapanda gotini. Walipoota manyoya ya kweli hawakumwogopa binadamu yeyote, mtu akigonga tu wanakuja mbio, wanaingia mapajani, wanapekua viganja, mikono ya shati, hata mdomo. Watu wakiniuliza siri yake nawajibu kuku wanamjua bosi. Habari ya kuketi vumbini nikilia kama kuku jike sikumwambia mtu.

Wakati huo nilikuwa nimefiwa na mke, na nilikuwa namtaka Zubeda, muuza vitambaa wa soko la Koboko, namtaka kuliko nilivyowahi kuitaka ile mashine. Mwenyewe alikuwa ameshalainika. Aliyebaki ni kaka yake, Afande Juma, sajini wa zamani anayelima Abuku, huko huko Koboko, ambaye alikuwa amerudisha wachumba wengine kwa sababu ndogo kabisa. Mshenga wangu alikuwa huyo Mzee Saidi, jirani yangu, fundi cherehani. Desturi inajulikana, kuku wa ukweni unawafunga miguu na kuwakabidhi kwa mikono miwili. Mimi nikaamua nisiwafunge. Nilitaka waingie wakinifuata kama kikosi, Afande aone ni mtu gani ameletewa.

“Bwana Rajabu, funga hao kuku,” Mzee Saidi aliniambia tukipakia boksi kwenye pikapu. “Ukweni mtu anaenda akiwa mdogo.”

Nikamwambia yeye ashike maneno, kuku aniachie mimi.

Na kuingia tuliingia vizuri, nisidanganye. Nilifungua boksi kando ya njia, nikagonga kidogo, nikatembea mbele na suti yangu mpya na kuku wote nyuma, wanawake wakapiga vigelegele. Afande akatazama tu. Tukakaa chini ya paa la nyasi, kuku wakabaki uani wakichakura, na mazungumzo yakaanza.

Sasa Afande alikuwa na fimbo yake ya jeshi, na kila neno analolitaka liingie kichwani mwako analigongea chini. Familia yetu (ko) haiuzi mtu (ko), lakini desturi (ko) iko desturi. Kabla sijapata akili ya kumzuia kuku walikuwa wameshafika. Mmoja mapajani, wawili ndani ya mikono ya kanzu, jogoo kijana juu ya kofia. Akawafukuza kwa kugonga zaidi, na wale wa mwisho waliokuwa bado uani wakaja pia, wakapita katikati ya sinia la wali lililokuwa linaingia, sinia likaanguka, na jogoo akamalizia haja yake juu ya ile kanzu nyeupe ambayo Afande alikuwa ametoka kuswali nayo. Mzee Saidi, mshenga wangu niliyemleta mwenyewe, alikuwa analia kwa kicheko.

Afande alisimama taratibu. “Kuku gani inasikia fimbo? Hii iko dawa. Na kama mutu iko na dawa ya kuku, dada yangu alimupenda namna gani?”

Hapo hata Saidi aliacha kucheka. Neno dawa likishatoka ukweni, ndoa imekwisha, na jina lako sokoni limekwisha nalo. Nikaapa sina dawa. Akasema nionyeshe, basi, nilivyofanya.

Nikavua viatu. Mtu mwenye mashine ya kusaga, nikaketi vumbini na suti mpya mbele ya shemeji, mashangazi na nusu ya Abuku, nikalaza mkono chini, nikaanza kulia kama kuku jike. Kuku wakaacha wali wakaja. Mashangazi wakaanguka kwa kucheka. Afande akachutama na yeye, akaweka mkono chini na punje za wali, na kuku mmoja akamfuata.

“Kila siku ulikaa namna hii?” akauliza.

“Kila siku, Afande.”

“Wewe na sauti yako kubwa hiyo.” Akawageukia wazee wake. “Haiko dawa. Iko mujinga tu. Muandike faini.”

Zubeda alikuwa amesimama mlangoni, mtandio mdomoni. “Rajabu,” akasema, “kuku umewafundisha. Mimi usije ukajaribu.”

Lakini mkasa haukuisha. Hakuna mtu aliyekubali kuwachinja, maana ukichukua kisu kuku anakuja mwenyewe kukaa mapajani, na watoto wanalia. Ikabidi wanunuliwe kuku wa jirani, kuku wenye akili zao, tukawakimbiza kwenye shamba la muhogo mpaka suti ikapasuka, na jirani alipanga bei akiniona ninavyohema. Wale wangu bado wako kwa Afande, na amelazimika kuongea bila fimbo.

Zubeda ni mke wangu. Lakini ukweni sitapeleka tena kiumbe chochote chenye miguu isiyofungwa. Faini ya kanzu, ya wali, ya kicheko cha mshenga, na kuku wa jirani: shilingi elfu thelathini na moja, mia nne na hamsini.