Msumeno wa umeme uliogoma kila nilipokalia ubao

Kamwene wakuu. Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Nimeona humu kijana analalamika circular saw yake, msumeno wa umeme wa sahani ya meno, inazimika katikati ya ubao, na nyie mmemjaza ushauri wa kila aina. Nimecheka hadi machozi. Jambo hilohilo lilitaka kuniharibia nyumba.

Siongezi chumvi. Mwenye msumeno bado yupo, anaota jua hapo nje.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa seremala hapa Njombe mjini. Vifaa vyake vikubwa vilikuwa viwili: msumeno wa mkono na mimi.

Msicheke. Kwetu fundi akikata ubao, lazima mtu aukalie usichezecheze. Anaulaza juu ya mabenchi mawili, wewe unakaa katikati, karibu na mstari, yeye anavuta. Ubao ukianza kubana anagonga kabari kwenye mkato, kazi inaendelea.

Mkaaji nilikuwa mimi, Neema mgongoni. Na hapo ndipo tulipokuwa tunaongea mambo yetu yote. Viazi vya wazazi wake Kifanya, nani kaoa, nani katoroka na mke wa nani. Unga wa mbao ulikuwa unanijaa kwenye viatu mpaka napiga chafya. Jamani, nazikumbuka zile siku.

Halafu akaanguka akiezeka nyumba ya watu, bega likaharibika. Daktari akamwambia wazi, kuvuta msumeno basi.

Hakujua kazi nyingine. Hata jembe linataka bega. Akawa anashinda jikoni kwenye moto, haongei. Mwanaume aliyekuwa hanyamazi! Niliogopa kuliko siku aliyoanguka.

Sasa ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa, maduka yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Tukaambiwa Makambako kwa Mzee Shabani, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kondoa, kuna misumeno ya umeme. Unasukuma tu kwa mkono mmoja mzima.

Tukauza ng'ombe wetu. Tulirudi na msumeno nimeufunga kwenye khanga kama kichanga.

Akalaza ubao kwenye mabenchi. "Mama Neema, njoo ukae."

Nikakaa. Msumeno ukanguruma, ukaingia vizuri, kufika katikati ukalia vibaya, ukazimika. Harufu ya kuungua tu.

Akajaribu tena, hivyohivyo. Ubao mwingine, hivyohivyo.

Hapo wataalamu wakatokea. Shemeji yangu akasema waya wa extension ni mwembamba, umeme haufiki. Tukatafuta mnene. Ukazimika. Jirani akasema meno butu, yakanolewa. Ukazimika. Mwingine akasema mbao za hapa zina maji, baridi hii haziwezi kukauka. Nikazianika juu ya moto jikoni, macho mekundu kwa moshi. Ukazimika!

(Kijana wa ule uzi, hayo yote kayaangalie kweli, huwa yanazimisha mashine. Kwetu tu hayakuwa yenyewe.)

Tukarudi Makambako. Mzee Shabani hakubishana. Akachomeka, akaweka ubao kwenye ngazi ya duka, ncha ikining'inia nje, akakanyaga upande wa ndani. Vuuu! Kipande kikadondoka chini.

"Mwanangu, mashine nzima hii," akamwambia mume wangu. "Katazameni kwenu."

Ndani ya basi, tunakaribia Njombe, Baba Neema akautazama msumeno mapajani mwangu. Ndipo akasema, "Nitauuza. Nitafute kazi ya ulinzi."

Moyo wangu ulikatika. Fundi yule, akalinde geti la mtu!

Kesho yake akataka kujaribu mara ya mwisho. "Mama Neema, njoo ukae."

Nikakaa. Ukazimika. Akageuka, akaniambia, "Na wewe hutulii!"

Ati mimi! Mimi niliyeanika mbao zake kwenye moshi! Nikanyanyuka. "Sikai tena! Tafuta mwingine wa kukukalia!" Nikavuta na benchi moja, nikaenda kukaa juani huko.

Yeye naye kwa hasira hakusubiri. Akaukanyaga ubao juu ya benchi lililobaki, ncha ya pili inaning'inia hewani, akasukuma.

Vuuu. Kipande kikadondoka.

Tukatazamana.

Akakata kingine. Kikadondoka. Nikasema, "Kama kwa Mzee Shabani."

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naubana! Ubao uko juu ya mabenchi mawili, mimi nimeketi katikati, unabonyea. Mkato unajifunga, unaing'ang'ania ile sahani ya meno. Kwa msumeno wa mkono kabari ilikuwa inatuokoa, kwa huu hakuna nafasi ya kugonga kabari. Tulicheka mpaka Neema akaanza kulia.

Ule msumeno umesomesha watoto wetu wote. Nashukuru, tena sana.

Ila tangu siku ile sikuitwa tena kukaa. Na ukinguruma hamsikilizani. Maongezi yakahamia mezani, na mezani kuna watoto, kuna wageni, mengine hayasemeki.

Wiki iliyopita kitanda cha mjukuu kilikuwa kinayumba, kinataka kipande cha ubao. Msumeno wa umeme ulishakufa zamani, vijana hawapo. Nikasikia anaita uani.

"Mama Neema, njoo ukae."

Kautoa ule wa mkono, una kutu. Kalaza ubao kwenye mabenchi mawili. Nikakaa. Akavuta kwa mkono wa kushoto, polepole, mstari unapinda, akaanza kuniuliza kama nasikia lolote la kule Kifanya.

Niliomba ubao usiishe.

Funzo kwa kijana: kanyaga upande unaobaki, unaokatwa uache uning'inie, na mtu asikae katikati. Utakata siku nzima.

Nyie wengine niambieni, kwenu nani alikuwa anakalia ubao? Kama bado yupo, mwiteni.